Tochi Ndogo, Pengo Langu na Gunia la Matoke

Tangu nistaafu, Akello hunipigia simu kila wiki kuuliza mambo ya stoo. Mikanda mipya iko rafu gani, vioo vya kukagulia chini ya magari vinaoshwa kwa kitu gani, na kwa nini ukutani kwenye lango la chini kuna karatasi yenye jina langu. Hilo la mwisho jibu lake analijua vizuri, maana alikuwepo. Ananichokoza tu. Lakini ninyi askari wapya mnaliuliza kwa nia njema, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja, pamoja na mengine machache, kisha mniache nipalilie mihogo yangu kwa amani.

Vyeo sitavisimulia. Nilianza kama askari wa lango katika kampuni yetu ya ulinzi, nikamaliza kama mtunza stoo ambaye bado aliitwa langoni kila mtu alipougua mafua. Hata mimi mwenyewe sikujua hasa nilikuwa nani. Fulana yangu iliandikwa “Stoo” mbele na “Ulinzi” mgongoni, na kila mtu alinituma kulingana na upande aliouona.

Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi, baba akiwa koplo kutoka kaskazini. Kiswahili nilichokulia ni cha kambini, kile kinachojua kuamrisha kuliko kubembeleza. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kazi pale Ntinda, Kampala, nilimwelewa Sajini Oyat mara moja, wakati wenzangu wawili walidhani anawatukana. Sajini alikuwa mwanajeshi mstaafu. Hakuwa tena sajini wa mtu yeyote, ila hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alinikabidhi filimbi, rungu na tochi ya betri tano kubwa, nzito kama mchi wa kutwangia karanga. Akaniambia hivyo vitu vitatu ni vya kampuni na mimi pia ni wa kampuni, lakini vyenyewe vimetangulia kazini, kwa hiyo nivipe heshima.

Heshima yenyewe haikufika saa sita mchana. Jengo la maduka tulilolinda lilikuwa bado linajengwa, na sisi tulitumia choo cha shimo huko nyuma, chenye giza hata jua likiwa la utosi. Niliingia nimebana tochi kwapani ili nifungue mkanda. Mengine mnaweza kuyakisia. Nilisikia ikianguka, nikasikia ikifika, nikasimama pale nikifikiria jinsi ya kumwambia baba yangu kwamba nimefukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, kwenye stoo kuna daftari la vifaa, lile lile jeusi mnalolijua. Kila kinachopotea au kuharibika kinaandikwa humo, na anayeandika anatia sahihi. Nilikwenda nikaandika kwa mwandiko mzuri: “Tochi mbovu. Imetupwa.” Nikarudi langoni nikipiga mluzi.

Kumbe tochi ilikuwa imetua ikitazama juu, na ilikuwa inawaka. Choo kizima kilikuwa kinamulikwa kutoka chini. Waashi walianza kupanga foleni, na nawaapia wengi wao hawakuwa na haja yoyote, walikwenda kutazama tu. Mmoja alitoka akisema ameishi miaka mingi lakini hajawahi kujiona vizuri namna ile. Sajini akaingia. Alikaa humo kwa muda, akatoka, akafungua daftari, akasoma, akaja langoni polepole.

“Ojara,” akasema, “tochi mubovu iko wapi?”

Nikamwambia nimeitupa, afande.

“Iko nafanya kazi kukushinda.” Akanipa kalamu. “Sikia. Tochi haina mudomo ya kujitetea. Wewe iko na mudomo. Usiandike makosa yako kwa jina ya kitu.”

Nikaandika upya: “Nimeangusha tochi chooni. Ojara.” Hakunifukuza. Tochi iliendelea kuwaka hadi kesho yake jioni, na siku hizo zote mbili kila aliyetoka chooni alinipa pole. Nilijiambia kwamba ukurasa huo ndio utakuwa wa kwanza na wa mwisho wenye jina langu. Kwa miaka thelathini na moja ikawa hivyo. Sijigambi. Kweli, najigamba kidogo.

Kutoka hapo Sajini alinifunza kupima vifaa. Kitu kipya hakikuingia langoni kabla hakijapita mikononi mwake, na baada yake mikononi mwangu. Karatasi ya muuzaji hakuisoma kamwe. Alisema karatasi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukagua gari la mbunge huku mvua inanyesha. Tochi aliiangusha kwenye saruji mara tatu kutoka usawa wa kifua, akailaza kwenye glasi ya maji, akaibeba mfukoni wiki nzima pamoja na funguo na sarafu. Mwisho alifanya jaribio la meno, ambalo ninyi wa siku hizi mnalicheka. Askari anayekagua gari ana mkono mmoja kwenye kioo cha kutazamia chini ya gari na mwingine unafunua mizigo. Tochi itakaa wapi? Ile ya betri tano tuliibana kwapani, nayo ilikuwa na tabia zake, kama nilivyokwisha kueleza. Sajini alijaribu kuibana kwa meno mwaka mmoja, na mwaka huo huo akaanza kutafuna posho, ugali wetu wa huku, upande wa kushoto tu.

Alipougua asiinuke tena kitandani alinikabidhi kishada cha funguo za stoo. Funguo sita. Alinikumbusha zilivyo bila kufumbua macho, ya mlango, ya kabati, ya sanduku la filimbi, hadi ya mwisho. Alikuwa mkali na alinifokea mbele za watu zaidi ya mara moja, lakini nilimpenda, na nilipokuwa nabeba jeneza lake nilikuwa na kishada hicho mfukoni. Kilinichoma paja njia nzima.

Basi miaka ikaenda. Tochi za betri tano zikafa moja moja, na kila mtu akaanza kumulika kwa simu. Simu haibanwi kwa meno. Akello aliwahi kujaribu. Yeye ni mama wa watoto watatu, askari wa lango la chini, na ana mikono myepesi kuliko wote niliofanya nao kazi, lakini simu ilimteleza kinywani ikapasuka kwenye bampa ya lori la mikate. Wengine watatu walipasua zao kwa namna hiyo hiyo. Hapo mkuu wetu wa kazi, Madamu Kirabo, akasema tutafute tochi ndogo ya kutundika kwenye funguo, ambayo askari ataibeba kila siku bila kuikumbuka. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kustaafu. Akanipa kazi hiyo kama ya kuniagia.

Muuzaji alikuwa Mkenya aitwaye Mutiso, anayezunguka na begi lake kuanzia Kamwokya hadi Luzira na kumwita kila mtu “bosi”, hata mbwa wa lango. Alileta aina mbili. Zote zilikuwa fupi kuliko kidole changu cha shahada, za bati gumu, zenye betri moja nyembamba ya rimoti. Ya kwanza iliwashwa kwa kubonyezwa kitako, ya pili kwa kuzungushwa kichwa.

Ya kubonyeza niliibeba wiki moja. Jumapili kanisani tulipopiga magoti, funguo ziliibonyeza, na mfuko wangu wa mbele ukawaka kupitia kitambaa cha suruali. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa ibada ya kweli. Nilipofumbua, mama wa kwaya aliyekuwa karibu nami alikuwa amehamia benchi lingine, na katekista ananitazama kama mtu anayesubiri maelezo. Nikaandika kwenye ripoti: “Inajiwasha yenyewe. Haifai kwa askari, na kwa Mkristo haifai kabisa.”

Ya kuzungusha ilikuwa kitu kingine. Iliangushwa mara tatu, haikujali. Ililala kwenye maji. Mke wangu aliifua ndani ya suruali, akaianika, akapitisha pasi juu yake, kisha akanilaumu kwa alama iliyobaki kwenye pasi. Mwanga wake haukuwa wa kujivunia. Haungemtisha mwizi, ila mwizi mwenye aibu labda. Lakini ulitosha kusoma namba ya gari na kuona kilicho nyuma ya tairi la akiba, na ulikuwepo kila ulipohitajika. Tochi kubwa iliyobaki stoo haijawahi kumsaidia mtu aliye langoni.

Na kwa meno, jamani. Nina pengo juu, upande wa kulia, nililolipata kwa mfupa wa mbuzi. Tochi ile iliingia kwenye pengo ikatulia kama imezaliwa humo. Nilimwonyesha Madamu Kirabo kwa fahari. Akauliza kama wenye meno yote nao wataweza. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tukamwita Akello, akaibana, nayo ikakaa. Tukakubaliana niipime wiki moja ya mwisho langoni, nimpe ripoti Alhamisi, maana Ijumaa alasiri Mutiso alikuwa anarudi kwao, na Ijumaa hiyo hiyo mchana ndiyo ilikuwa sherehe ya kuniaga. Madamu aliniambia kwamba kwenye sherehe atasoma daftari la vifaa mbele ya wote: mtu mmoja, miaka thelathini na moja, ukurasa mmoja. Usiku huo nilimweleza mke wangu mara nne.

Alhamisi asubuhi nikasimama lango la chini na Akello, pale magari yanapoingilia kwenye maegesho yaliyo chini ya jengo, ambako mchana na usiku ni ndugu. Tochi ilikuwa kwenye pengo. Kwenye pete yake nilikuwa nimetundika kishada cha Sajini, kwa sababu tochi ya funguo lazima ipimwe ikiwa na funguo, kwa hiyo funguo sita zilikuwa zinaning'inia kidevuni mwangu kama ndevu. Likaja gari la Nalongo. Ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha, na huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa heshima. Akafungua buti kwa kitufe akiwa kwenye usukani. Ndani mlikuwa na gunia la matoke, mdomo wazi, limejazwa majani ya mgomba. Nikainama nikamulika.

Akatoa kichwa dirishani akanisalimia kwa Kiganda, hongera kwa kazi, bwana. “Gyebale ko, ssebo.”

Mimi si Muganda, lakini nimeishi Kampala vya kutosha. Hapa unaweza kuchelewa kulipa kodi ya nyumba, unaweza hata kukosa kwenda msibani ukatuma sababu, lakini mama mzima akikupongeza kwa kazi nawe ukanyamaza, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Kinywa kikafunguka chenyewe.

“Kale, nnyabo,” nikajibu, “naawe gyebale.”

Nilijibu vizuri sana. Tochi na funguo zote sita zikatumbukia ndani ya gunia bila hata kutoa sauti. Nikanyoosha mkono, na buti likashuka lenyewe taratibu, kama magari ya sasa yanavyofanya, nikauondoa mkono kabla haujawa mali ya Nalongo. Akaondoka. Nyuma yake magari manne yalikuwa yanapiga honi. Nikajiambia ataegesha, nitamfuata chini. Nilipoweza kushuka, alikuwa amekwisha kutoa pesa kwenye mashine na kutokea lango la pili.

Ndani ya stoo iliyofungwa kulikuwa na soda za sherehe yangu, sahani, na keki yenye jina langu. Na kulikuwa na daftari. Kwa hiyo hata kama ningetaka kuandika kwamba nimepoteza funguo, nisingeweza, kwa sababu daftari la vitu vilivyopotea lilikuwa nyuma ya mlango ambao funguo zake zimepotea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Sikuwa nawaza soda. Nilikuwa nauona ukurasa wangu mmoja.

Akello alinionea huruma. Akainama karibu. “Mzee, wewe sema tu pete ilikatika. Tochi itakubishia?”

Nikaandika nyuma ya risiti: “Tochi ni nzuri lakini pete yake ni dhaifu, ilikatika kazini, funguo zikapotea. Nashauri isinunuliwe.” Saa kumi nikampelekea Madamu Kirabo. Alisikitika kwa ajili yangu, akasema kesho kabla ya saa sita atampigia Mutiso amwambie hapana, na fundi ataitwa kuvunja mlango. Nikatoka ofisini kwake. Akello alikuwa langoni, anamulika buti kwa ile simu yake iliyofungwa kwa selotepu. Sikuweza kumtazama, na yeye ndiye aliyenipa wazo.

Ijumaa asubuhi Nalongo akaja kwa miguu hadi langoni, akiwa amenyoosha mkono mbele kama aliyebeba panya aliyekufa. Ilikuwa tochi. Ilikuwa inawaka.

“Ssebo, uliweka nini kwa gali yangu?” akaniuliza. “Nafungula gunia nitoe matooke, naona inawaka ndani. Mama mukwe amekataa chakula yote, anasema kuna mulogo, muchawi. Tumekula mukate, ssebo.”

Nikaomba radhi kwa lugha zote nilizonazo. Alipoondoka nikaitazama pete. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, na funguo zote sita zimo. Hakuna aliyeona ila Akello. Sasa nitawaambia jambo ambalo sikulisema kwenye sherehe. Nilifungua stoo, nikatoa plaizi ya kampuni, nikajaribu kuikata ile pete ili ifanane na ripoti yangu.

Pete ikakataa. Nikabana kwa mikono miwili. Nikaiweka sakafuni nikakanyaga mkono wa plaizi kwa kiatu. Kikasikika kishindo, nikainama kwa furaha kutazama. Ni plaizi iliyokuwa imevunjika taya. Tochi ilikuwa imejizungusha kidogo kwenye purukushani hiyo ikawaka, inanimulika usoni. Nikakumbuka choo cha shimo, na Sajini na kalamu yake. Akello alikuwa mlangoni. Mbele yake nilijiona mtu mzima ovyo.

Nilichukua daftari nikaandika palepale, nimesimama: “Nimepoteza funguo za stoo kwa siku moja, kwa kufungua kinywa nikiwa na tochi. Pete ni nzima. Ripoti ya jana ni uongo wangu.” Chini yake: “Nimevunja plaizi nikijaribu kuharibu ushahidi.” Nikatia sahihi mara mbili, nikalipeleka kwa Madamu Kirabo. Alikuwa ameshika simu, jina la Mutiso liko kwenye kioo. Akasoma, akaiweka simu mezani.

“Mzee Ojara,” akasema, “ungenyamaza, nani angejua?”

Nikajikuta nazungumza kwa sauti ya mtu mwingine. “Tochi haina mudomo ya kujitetea, Madamu.”

Kwenye sherehe alisoma daftari kama alivyoahidi. Choo, funguo, plaizi. Askari walicheka hadi soda ikawapalia, na Mutiso, aliyekuja kupokea oda yake, aliomba kupiga picha ule ukurasa wa pete iliyovunja plaizi ili awaonyeshe wateja. Nilicheka nao, lakini macho yalikuwa na maji, na nilimtaka sana Sajini awe pale anisikie nikisomwa. Tochi zikanunuliwa, kila askari yake. Nami nikakabidhi kishada kwa Akello, nikamtajia funguo moja moja.

Wiki iliyopita mke wangu alinituma sukari Ntinda. Nilipofika lango la chini nilimkuta askari nisiyemfahamu, mgeni kabisa, ameinama kwenye buti la teksi na tochi ndogo iko menoni. Kwa mazoea nikamsalimia kwa sauti. Hakunijibu. Aliendelea kutazama nyuma ya tairi la akiba, akafunika vizuri, akaitoa tochi kinywani, akaizima, akaitia mfukoni, akafunga zipu ya mfuko. Juu ya kichwa chake ukutani ilikuwapo karatasi: KANUNI YA OJARA. TOA TOCHI KWANZA, SALAMU BAADAYE. Ndipo akanigeukia akasema, “Jambo, mzee, samahani kukungojesha,” na hakujua kwa nini mzee anatabasamu vile, pengo lote liko nje.